Niliendesha banda umiza miaka saba: kuna anayelipia kutishwa, na kuna ambaye hata ukimlipa hakai. Kwa nini?

#1 MzeeWaDeki (mleta mada)

Wakuu salaam.

Juzi usiku nimeamka kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango wa binti yangu. Yuko kidato cha pili. Nafungua, nakuta kajifunika shuka gubigubi, simu imo humo humo ndani ya shuka, hedifoni masikioni, anatetemeka. Nikajua malaria imerudi. Kumbe ni muvi ya kutisha. Nikamwambia zima ulale, kesho shule. Akanijibu: "Baba, zimebaki dakika ishirini. Nikizima saa hizi ndiyo sitalala kabisa."

Jibu hilo nilishalisikia miaka mingi nyuma, kwa watu wazima wenye ndevu zao.

Kuanzia 2004 hadi 2011 nilikuwa na banda la video Mbagala. Banda umiza hasa: mabati juu, maturubai pembeni, mabenchi ya mbao ambazo hazijaona randa, watoto mbele kwenye mkeka, televisheni ya inchi 21 ndani ya kizimba cha nondo, na sabufa mbili nilizozidunduliza Kariakoo. Mchana za Kichina na za Kihindi. Saa tatu usiku, watoto wakishafukuzwa, ndiyo tunaweka za kutisha. Kiingilio mia, baadaye mia mbili.

Sasa picha linaanza. Nyumba ya tatu kutoka bandani kukatokea msiba. Mjumbe akaja mwenyewe: kijana, wenzako wana maiti ndani, zima. Watu wameshalipa, wamejaa hadi mlangoni, na hela ya kurudisha sina, imeshaingia kwenye mafuta ya jenereta. Tukakubaliana: picha iendelee, sauti hapana. Mkanda wenyewe niliuonyesha wiki moja kabla, yowe lilipigwa, jamaa mmoja aliruka benchi akamwangukia mwenzake mgongoni. Siku ile bila sauti, watu walicheka. Mzuka unajitokeza mlangoni, mtu anasema "huyu naye anatafuta choo," banda zima linaanguka. Mjumbe akarudi kutugombeza kwamba mara kumi tungepiga mayowe, kicheko msibani ni aibu.

Toka siku ile nikajua muvi ya kutisha inakaa kwenye sabufa. Nikawa na mchezo wangu: kikikaribia kipande chenyewe napunguza sauti kidogo kidogo, watu wanavuta shingo mbele wasikie. Kikifika, napandisha. Nisameheni wote niliowamwagia karanga.

Nje ya banda alikuwepo mama mmoja wa mihogo ya kukaanga. Hakuwahi kuingia ndani hata siku moja, lakini alikuwa anajua vipande vyote vinavyotisha, kwa sababu ndipo wateja wanapotoka. Na wanaotoka siyo wale waoga unaowadhania. Ni wababe wa mtaa, wale wenye vifua. Anasimama, anajinyoosha, anasema ameona njaa. Wakati yule kijana mwembamba, fundi cherehani, anakaa benchi la pili kuanzia mwanzo hadi mwisho, macho hayapepesi, na kesho anarudi.

Ndiyo swali langu. Nini kinamkalisha huyu na kumtoa yule? Na nyie mko upande gani?

#2 Kibarua_wa_Usiku

Nimevuta kigoda. Tiririkeni.

#3 mtata_wa_temeke

Mleta mada unapiga kamba. Jenereta lina kelele kuliko hizo sabufa zako. Mjumbe alizuia sabufa akaliacha jenereta lingurume msibani?

#4 MzeeWaDeki

Umenikamata mkuu. Nimekaa nikakumbuka vizuri: umeme ulikuwepo siku ile, hela ilikuwa imeenda kwa jamaa niliyekodi kwake CD. Jenereta ni la mwaka wa mgao, nimechanganya. Lakini kicheko na mjumbe ni kweli tupu, mama wa mihogo bado yuko hai.

#5 FundiSpika

Mleta mada hujapiga kamba kwenye la sauti. Mimi nipo kwenye mambo ya kurekodi, acha nikupe mfano unaojulikana.

Kuna muvi ya Alfred Hitchcock ya 1960, *Psycho*. Kipande chake cha bafuni, mwanamke anapochomwa kisu akioga, ndicho watu hawakisahau. Hitchcock alitaka kipande kile kisiwe na muziki kabisa. Mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, akautunga hata hivyo, akamsikilizisha, na bosi akabadili mawazo. Kilichomo mle ni nyuzi tupu. Fidla. Fidla hizi hizi ambazo mpiga taarabu anakubembelezea nazo mpaka unatoa hela ya kumtunza. Tofauti ni kwamba zimepandishwa juu kabisa na upinde unakatwa kwa kishindo, chombo kinatoa mlio wa kiumbe kinachochinjwa. Halafu hiyo damu inayotiririka kwenye bomba ni shira ya chokoleti, maana picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na hakuna anayeona rangi. Ukizima sauti unabaki na mwanamke anaoga kwenye chokoleti.

Jaribuni wenyewe leo. Na ukiwa muoga usifumbe macho, ziba masikio. Watu wote mnafumba macho mnaacha masikio wazi, mnatishwa maradufu, maana sasa picha mnaichora wenyewe.

Ulichokuwa unafanya cha kupunguza kabla ya kupandisha, wenye fani wanalipwa mamilioni kwa kazi hiyo. Sikio likiachwa kwenye kimya linajifungua lote. Hapo hata paka akiangusha sufuria umekwisha.

#6 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mimi niko pande zote mbili, niseme ukweli.

Muvi za misumeno, vichwa kukatwa, utumbo nje, hizo naangalia huku nakula wali maharage. Mume wangu ananiambia sina roho. Kazini nimeshika vya kweli, vya kwenye kioo naona makosa tu: huyu amekatwa mshipa wa shingo na bado anatoa hotuba dakika tano? Damu haijawahi kunishtua tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Nisichoweza ni korido tupu. Hospitali niliyokuwa zamani, kutoka wodi ya wanaume hadi mochwari kulikuwa na korido ndefu, taa moja inawaka, moja imekufa. Usiku akifariki mtu mnamsindikiza wawili, wewe na mhudumu. Toroli letu gurudumu la mbele lilikuwa bovu. Kwii. Kwii. Kwii. Miaka yote ile sikuogopa, nilikuwa na kazi ya kufanya.

Siku moja niko zangu off, nimelala kwenye kochi, nimeweka muvi ambayo wala si ya damu, ni nyumba tu na familia ndani yake. Ghafla mle ndani kukatokea kigari cha mtoto kinasukumika chenyewe. Kwii. Kwii. Jamani, nilizima televisheni ukutani, sikutafuta rimoti. Keshoyake niliingia kazini na kichupa cha mafuta ya cherehani, nikalipaka lile gurudumu kabla sijapokea ripoti ya zamu.

Kwa hiyo mleta mada, yule fundi cherehani wako wa benchi la pili usimwite jasiri. Inawezekana ile muvi haikuwa na kitu chake ndani. Kila mtu ana gurudumu lake.

#7 chapati_mbili

Mimi zinanichekesha tu. Mzungu ana nyumba ya vyumba tisa katikati ya msitu, kasikia kishindo chini, anashuka na mshumaa kuuliza "kuna mtu?" Kwetu Tandale ukisikia wenzio wanakimbia unakimbia kwanza, sababu utaulizia mbele ya safari.

#8 mtata_wa_temeke

@chapati_mbili kichekesho hicho nilikisikia nikiwa darasa la nne. Tafuta kingine.

#9 MtuWaWete

Miye natokea Pemba. Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1995.

Waliokuwa hai wanajua nasema nini. Popobawa, yule shetani wa usiku, alianza kwetu, kwenye mwezi wa Ramadhani, kisha akavuka Unguja. Sitaki kueleza alikuwa akisemwa anafanya nini, watu wazima mnajua. Nyumba zilihamwa usiku. Mtaa mzima tulikuwa tukilala nje, mikeka imepangwa uwanjani, moto katikati, wanaume pembeni, wanawake na watoto ndani ya duara. Ilikuwa ikisemwa kwamba aliyepatwa akificha, anarudiwa, kwa hiyo asubuhi watu husimuliana waziwazi mambo ambayo katika mila zetu hayasemwi.

Sasa nisikilizeni. Kwetu sisi watoto zile zilikuwa siku tamu, wallahi. Unalala na wenzako kumi mkeka mmoja, mnahadithiana, mtu akijikuna tu mnapiga ukelele mnarukiana, bibi anawatupia kandambili. Viazi vitamu vinachomwa pale pale. Hofu ilikuwepo, tumbo linakata, lakini ni hofu ya kugawana watu kumi.

Baba yangu hakuwa akilala. Alikaa na panga mapajani, mgongo kauegemeza mwembe, uso kautazamisha nyumbani kwake mwenyewe. Hiyo sura ndiyo iliyobaki. Nimekuja kuwa mtu mzima nina watoto, nikaelewa kwamba usiku ule uwanja mmoja ulikuwa na watu wa aina mbili, mmoja anacheza na hofu, mmoja hofu inacheza naye.

Muvi za kutisha naangalia, tena napenda, ila sharti tuwe wengi na taa ya barazani iwake. Peke yangu sithubutu. Naona nikikaa peke yangu nageuka baba.

#10 Mlokole_Tabata

Watumishi, niwaonye kwa upendo. Mambo haya yanafungua milango. Unaingiza roho sebuleni kwako kwa bando lako mwenyewe, baadaye unalalamika mtoto anapiga kelele usiku. Sisemi zaidi.

#11 MamaWawili

@Mlokole_Tabata naheshimu imani yako kaka, na hata mimi silali bila kuomba. Lakini hebu tuambizane ukweli. Mama yangu mzazi ni mzee wa kanisa. Muvi ya Kizungu yenye mzuka anazima, anakemea, anapiga na ishara ya msalaba juu ya televisheni. Zile za Kinaijeria je? Mganga mwenye chaki usoni, mke mkubwa anageuka nyoka, maiti inatapika hela. Alikuwa anaziangalia mpaka saa saba usiku, sehemu ya kwanza hadi ya nne, na uji unaungua jikoni.

Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu anajua mchungaji anakuja. Hata mambo yaharibike vipi, mwisho yupo mtu na Biblia yake, nyoka ataungua. Ile ya Kizungu inaisha mzuka bado yuko darini, na wewe unaambiwa usubiri sehemu ya pili mwakani. Mama hawezi kulala na deni hilo.

Mimi mwenyewe ni mtu wa wasiwasi. Nawaza ada, nawaza kodi, nawaza nimeacha jiko la gesi. Mwaka 2020 ile korona ilipoingia, niligeuka mlevi wa muvi za kutisha, kila usiku moja. Ndugu waliniona nimechanganyikiwa. Lakini ile hofu ya mchana haikuwa na mwisho, hujui itaisha lini, hujui nani anakufuata. Hii ya usiku ina saa moja na dakika arobaini, majina yakianza kupanda nimeshamaliza kuogopa, nalala. Baadaye nikasoma kuna watafiti, mmoja wao anaitwa Coltan Scrivner, walitoa utafiti mwaka 2021 wakasema wapenzi wa muvi za kutisha waliyumba kidogo kuliko wengine kipindi kile cha korona. Sasa kama muvi ndizo zimewakomaza, au waliokomaa ndio wanaozipenda, hilo ni la kwao. Miye zilinisaidia.

#12 NaiDada

Niko Nairobi, niwape ya huku. Tulilelewa na DJ Afro, zile muvi ametafsiri. Nakumbuka kibanda kimoja Kawangware waliweka ya kutisha, ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Haikuogopesha mtu hata kidogo. Jini anakuja polepole, mtafsiri anamwambia msichana "mami, hapo ndani hakuna kitu yako, toka." Sasa utaogopa aje na kuna mtu anakuongelesha?

Baadaye nikaiona hiyo hiyo kwa hosteli, bila yeye, taa zimezimwa. Sikuenda choo hadi asubuhi.

#13 MzeeWaDeki

@NaiDada umenikumbusha Lufufu wetu huku. Ndivyo ilivyokuwa. Mkanda uliotafsiriwa ukiwa wa kutisha, biashara hailipi, watu wanataka wa ngumi. Sikuwahi kujiuliza sababu. Kumbe sauti ya mtafsiri ndiyo ule mkeka wa watu kumi wa Pemba.

#14 KijanaWaMaabara

Niongeze la mwilini, kidogo tu.

Ukishtuka, ubongo hausubiri kujua kama mzuka ni wa kweli. Adrenalini imeshamwagika, moyo unadunda, damu inakwenda kwenye misuli, viganja vinalowa. Sehemu ya ubongo inayofikiri inakuja nyuma inasema tulia, hii ni televisheni. Ule mshindo ukishapita na hujafa, kinachobaki ni raha. Wengine ule mdundo wa moyo wanauita raha tangu mwanzo, wengine wanauita mateso mpaka mwisho.

Kuna utafiti wa Uholanzi, Leiden, ulitoka mwaka 2015. Walichukua watu 24, wakawaonyesha muvi ya kutisha na nyingine ya kielimu ya kuchosha, siku tofauti, wakawatoa damu kabla na baada. Baada ya ile ya kutisha, protini moja inayosaidia damu kuganda ilipanda. Damu yenyewe haikuganda, msije mkakimbilia hospitali. Ni kama mwili umesikia yowe ukaanza kuandaa bandeji. Mwili wako hauamini kwamba ni muvi, kichwa ndicho kinachoamini.

Na Denmark, mji wa Vejle, kuna nyumba watu wanalipa kuingia kutishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliwafunga watu 110 vipima mapigo ya moyo humo ndani. Walioburudika zaidi ni wale walioogopa kiasi. Isiyotisha inachosha, inayotisha kupita kiasi inakera. Sasa hicho "kiasi" ndicho kinachotofautiana. Chumvi yako si chumvi yangu.

@MtuWaWete, la Popobawa sitabishana na waliokuwepo. Ila lile la mtu kuamka hawezi kunyanyua mkono, kifua kimelaliwa, anaona kitu chumbani, Kiswahili kina jina lake siku zote: jinamizi. Wakati wa ndoto misuli inazimwa ili usirushe mateke kitandani. Mara nyingine ubongo unaamka kabla ya misuli kuwashwa, na ndoto bado haijaondoka.

#15 MtuWaWete

@KijanaWaMaabara nimekuelewa. Mwambie hayo baba yangu na panga lake.

#16 Baharia_Mstaafu

Mimi nitaongelea muvi na wachumba, maana ndiko zilikoniumiza.

Miaka hiyo naanza kazi, nikampeleka binti mmoja sinema pale Mlimani City. Nikachagua ya kutisha kwa makusudi, wajanja mnajua: akishtuka anakushika mkono. Kufika katikati, kabati likafunguka lenyewe, kuna mtu akapiga yowe ukumbi mzima ukageuka. Ni mimi. Bisi zote kwenye sketi yake. Tulirudi kwenye daladala kimya, mawasiliano yakafifia.

Juzi juzi ndiyo nasoma kwamba mwaka 1986 Dolf Zillmann na wenzake walilijaribu jambo hili hili: mwanamume anaifurahia zaidi muvi ya kutisha akikaa na msichana anayeogopa, na msichana raha yake inashuka chini kabisa akikaa na mwanamume anayeogopa. Miaka yote hiyo taarifa ilikuwepo na hakuna ndugu aliyeniambia.

#17 chapati_mbili

😂😂😂 Baharia ulizama ukiwa bandarini.

#18 MwanaBukavu

Bandugu, munisamehe Kiswahili yangu ya Bukavu. Sasa niko Kanada na familia.

Film ya majini, ya bachawi, haina shida kwangu. Ile ya mutu anakuja na panga usiku, anagonga mulango, watoto wanajificha chini ya kitanda, ile hapana. Vijana wa kazini huku wananialika kila mwezi wa kumi, wanapamba nyumba na mifupa ya plastiki, wanaweka film, wanacheka, na wako watu wazuri sana, wananipenda. Mimi nabeba keki, ninasalimia, film ikianza ninaenda kuosha vyombo. Wanasema huyu mutu anapenda usafi.

Sijawaeleza. Nitaanzia wapi? Wao kile chumba chenye mulango unagongwa wamekiona kwa film tu.

Mama wa mihogo wa mleta mada, labda katika wale aliokuwa anawauzia kulikuwa mumoja wa hivi. Alisema ana njaa.

#19 MzeeWaDeki

Mwana Bukavu, pole kaka. Nimesoma hapo mwisho mara mbili. Kulikuwa na mmoja, kondakta, hakuwahi kumaliza mkanda wenye bunduki. Tulimwita majina.

#20 Mwalimu_wa_Somo

Mleta mada rudi kwa binti. Kidato cha pili siyo mwisho wa dunia, lakini ungejua kwanza anaangalia nini. Zile alama za umri haziwekwi kwa urembo, Bodi ya Filamu hapa na wenzao wa Kenya wanapanga kwa sababu.

Joanne Cantor, aliyechunguza watoto na televisheni kule Wisconsin miaka mingi, anaonyesha kwamba mtoto mdogo anaogopa sura. Mpe mtu mwenye uso mbaya na roho nzuri, atamkimbia. Akivuka kama miaka minane anaanza kuogopa kinachoweza kutokea: kutekwa, moto, mama kufa. Ndiyo maana mtoto mdogo ukimwambia "ni uongo tu" haisaidii, mshike mkono. Mkubwa ndiye wa kumkalisha mkaongea.

Nina mwanafunzi aliyekataa kuoga bwenini wiki nzima, anajifuta na kitambaa, kwa sababu ya muvi aliyoonyeshwa na kaka yake likizo. Kaka mwenyewe alishaisahau.

#21 Mjukuu_wa_Kilosa

Nami niweke changu halafu nilale. Babu yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa zama za Mwingereza. Ukimwekea mnyonya damu wa Kizungu, joho jeusi, meno mawili, anauliza huyu anauza nini. Lakini gari la zimamoto likipita barabarani alikuwa anaingia ndani na kufunga komeo. Enzi zao, kuanzia Nairobi na Kampala hadi huku Tanganyika, ilisemekana wale ni mumiani, wanakamata watu usiku wanawatoa damu wanaipeleka hospitali za Wazungu. Hata nilipomwonyesha picha ya askari wa zimamoto akimtoa mtoto kwenye moto, aliitazama, akasema: "Umemwona tena huyo mtoto baada ya hapo?"

#22 mtata_wa_temeke

Mleta mada, swali moja umelikwepa uzi mzima. Wewe je? Miaka saba bandani, ulikuwa fundi cherehani au mbabe wa mihogo?

#23 MzeeWaDeki

Haya. Mmenibana.

Kiti changu kilikuwa kando ya televisheni, nimeipa mgongo, nimewatazama wateja. Nilikuwa nasema nalinda, mtu asiingie bila kulipa. Ule mchezo wa kupandisha na kupunguza sauti nilijifunza kwa kutazama nyuso: wakianza kuvuta shingo najua kinakaribia. Miaka saba, sijawahi kuangalia muvi ya kutisha hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mke wangu hajui hadi leo, anadhani nimezimaliza zote.

Sababu siijui vizuri. Bibi yangu Rufiji alikuwa msimuliaji, akizima kibatari ndipo anaanza. Jina la kitu kile alichokuwa anasimulia siwezi kuliandika hapa saa hizi.

Sasa leo jioni nimemfuata binti, nikamwambia tuangalie wote, unionyeshe. Aliniangalia kama nimeumwa. Tukakaa kitandani kwake, mimi ukutani, yeye mbele, simu kaiegemeza kwenye mto. Akanipa hedifoni moja sikio la kulia, akabaki na ya kushoto. Dakika ya kumi nikauliza huyo mwanamke amefuata nini kisimani usiku. Akasema baba nyamaza. Dakika ya ishirini na kitu nikajikuta nimeshika kisigino chake. Hakukiondoa.

Nilikaa mpaka mwisho. Mwisho wenyewe sikuuona, nilikuwa nasoma kalenda ukutani, ila nilikaa.

Sasa ni saa tisa usiku, taa za nyumba nzima zinawaka, mama watoto ameamka anauliza nani atanunua luku kesho. Kuna mtu yuko macho humu?

#24 Kibarua_wa_Usiku

Nipo mkuu, kwenye lindo. Endelea kupiga stori.